Kaza Kikiwa Kimebeba

Fundi alikuwa amelala chali chini ya Hiace, na kwa dakika kumi nzima hakugusa spana. Asubuhi hiyo Rwamishenye ilikuwa na manyunyu, maji yakidondoka kutoka kwenye migomba iliyo nyuma ya gereji. Dereva alisimama karibu na miguu yake, funguo zikilia mkononi, kwa sababu abiria wa Kamachumu hawamsubiri mtu. "Waitu, si bushi tu? Nibadilishie niwahi zamu."

Fundi hakujibu. Alikuwa amechomeka mtaimbo mfupi kati ya wishiboni na chesi. Anauinua polepole, anauachia, anauinua tena, shavu lake likiwa karibu na chuma kama mtu anayesikiliza kilicho upande wa pili wa ukuta. Mwishowe akajivuta nje, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema: "Bushi zimekufa kweli, mwanangu. Ila hazikufa kwa uzee. Aliyezifunga alizikaza gari likiwa kwenye jeki. Hizi hukazwa gari likiwa limebeba."

Nimepita kwenye gereji ile kwa miaka, kwanza kwa sababu ya matatizo ya gari langu, baadaye kwa sababu napenda kutazama kazi inayofanywa vizuri. Sentensi ile fupi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ndani yake mna elimu ambayo wengi wetu tunaoendesha kati ya Bukoba na Muleba tunaitegemea kila siku bila kuijua.

Bushi ya wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, ni kitu kidogo, inatosha kwenye kiganja. Ina bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, na katikati mpira ulioshikana na yote mawili. Boliti hulibana bomba la ndani lisizunguke, na wishiboni hulishika la nje. Kwa hiyo gurudumu likipanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Ni mpira wenyewe unaojinyonga na kujinyongoa. Sasa ukikaza boliti wakati gurudumu linaning'inia hewani, mpira unazoea pale, pale panakuwa ndipo pa kupumzikia. Ukishusha gari, umeshanyongwa tayari, na utabaki umenyongwa hata usiku gari likiwa limeegeshwa. Shimo la kwanza njiani linaunyonga zaidi, na baada ya wiki chache unachanika. Lakini ukishusha gari kwanza, likakaa kwa uzito wake, ndipo ukakaza, mpira unapumzika pale gari linapopumzika. Boliti ni ileile, spana ni ileile, nguvu ya mkono ni ileile. Kinachotofautisha kazi hizi mbili ni wakati wa kukaza tu.

Barabara zetu hazimsamehe asiyejua wakati huo. Ukitoka Rwamishenye una lami nzuri, Kyetema, Kemondo, Muhutwe, kona juu ya kona, na madereva wa Hiace wanaijua kwa kichwa, kwa hiyo wanaikimbia. Ukiiacha barabara kuu kuelekea vijiji vya Nshamba, Rubya au mgongo wa Kamachumu, sehemu nyingi unakutana na moramu nyekundu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huichimba moramu mifereji. Ikikatika, tairi zinaanza kuijenga ile migongo midogo midogo iliyopangana tunayoiita rasta. Juu ya yote hayo kuna mzigo, maana hapa kwetu keria haikai tupu. Mikungu ya ndizi inapangwa juu, magunia ya kahawa nyuma, na abiria wanajipanga katikati. Gari moja linatakiwa kuwa magari mawili kwa siku moja. Kwenye kona za lami linatakiwa lisimame wima, na kwenye moramu linatakiwa liwe laini kiasi cha kuacha kila gurudumu lifuate shimo lake.

Ukiinama chini ya magari yanayosubiri zamu pale gereji, utaona majibu matatu tofauti ya swali hilohilo. Land Cruiser za zamani za kazi zina springi bapa mbele, vyuma vipana vilivyolazwa juu ya vingine na kufungwa kwa ekseli moja ngumu. Noah na Probox zina koili iliyouzunguka mguu wa shokapu, mpango unaobeba jina la mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson. Hiace ndiyo inayomshangaza mgeni, kwa sababu mbele haionekani kuwa na springi kabisa. Kuna fimbo mbili za chuma tu, zimelala chini ya gari kwa urefu, moja kila upande. Ncha moja ya fimbo imeshikwa na chesi, nyingine imeshikwa na wishiboni. Gurudumu likipanda, fimbo inanyongwa kama unavyokamua nguo, na gurudumu likishuka inajinyongoa. Mafundi wanaiita toshenibaa. Springi yote ya mbele ya gari linalobeba watu zaidi ya kumi ni chuma kilichonyooka kama mpini wa jembe.

Wazo la kutumia chuma kinachonyongwa kama springi ya gari Ferdinand Porsche alilichukulia hataza mwaka 1931, na likaja kuwa roho ya Volkswagen Beetle. Mbele ya Beetle kuna mabomba mawili yaliyolala kwa upana wa gari, moja juu ya jingine, na ndani ya kila bomba mna fungu la vyuma vyembamba bapa. Katikati fungu limebanwa lisizunguke, na kila ncha imefungwa kwenye mkono unaobeba gurudumu. Mpango huo haukuhitaji nafasi kubwa wala sehemu nyingi za kuvunjika. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Beetle ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston, ikashinda tena 1957 na 1962. Wenye kuzijua barabara za Afrika Mashariki za enzi zile wanaelewa kuwa ushindi ule haukuwa wa injini peke yake. Ulikuwa pia wa vile vyuma vilivyokuwa vikinyongwa na kurudi ndani ya mabomba mawili.

Sasa niseme juu ya fimbo nyingine, ile inayosababisha ubishi mwingi kuliko zote gereji. Ni stabilaiza. Hii haibebi uzito wa gari. Ni fimbo iliyokunjwa mfano wa herufi U pana. Katikati imeshikwa na chesi kwa bushi mbili, na kila ncha imeungwa na gurudumu kwa linki fupi. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo inazunguka tu kwenye bushi zake na haina la kusema. Lakini gurudumu moja likipanda na jingine likabaki, fimbo inanyongwa, na katika kunyongwa huko inajaribu kuyarudisha yote mawili usawa mmoja. Kwenye kona, mwili wa gari unapolalia upande, stabilaiza ndiyo inayousimamisha.

Uzuri huo una gharama, na fundi mwema hakufichi gharama hiyo. Kazi ya stabilaiza ni kufunga gurudumu la kushoto na la kulia pamoja. Kwenye lami hilo ni jema. Kwenye shimo lililo upande mmoja, mshtuko wa gurudumu la kushoto unavuka hadi kulia, na dereva anausikia kwenye usukani. Kwenye njia iliyochimbwa na mvua, ambapo gurudumu moja liko juu ya mgongo na jingine ndani ya mfereji, fimbo nene inalinyima gurudumu la chini uhuru wa kushuka kutafuta ardhi. Tairi likining'inia halishiki, halielekezi, halisimamishi gari.

Ndiyo maana unene wa fimbo hiyo si jambo la kukisia. Ugumu wa fimbo ya mviringo inayonyongwa hukua kwa kipimo cha unene kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Chukua fimbo ya milimita 20, weka mahali pake ya milimita 22. Kwa macho hutaona tofauti, ila ugumu umepanda kwa asilimia 46. Weka ya milimita 24, nao umezidi mara mbili. Nimemwona fundi akipima stabilaiza iliyong'olewa kwenye gari lililochinjwa, akipitisha kalipa sehemu tatu tofauti, kisha akaikataa kwa tofauti ya milimita mbili huku mwenye gari akilalamika kwamba inaingia vizuri. Kuingia iliingia. Lakini ingefanya kazi ya gari jingine.

Swali la stabilaiza limejaribiwa waziwazi zaidi kwenye kigari kimoja cha mbali. Mwaka 1964, huko California, Bruce Meyers alitengeneza bodi nyepesi ya faibaglasi ya kuwekwa juu ya mitambo ya Beetle, isiyo na milango wala paa la chuma, kwa ajili ya kucheza kwenye mchanga wa ufukweni. Kilijulikana kama Meyers Manx, na vigari vya namna yake vikaitwa bagi. Mara bodi nzito ilipoondoka, springi za mbele zikabaki na nguvu iliyokusudiwa kubeba uzito ambao haupo tena. Pua ikasimama juu, ikawa inarukaruka. Wajuzi wakaanza kupunguza vyuma ndani ya yale mabomba mawili na kuweka shokapu laini zaidi, hadi mbele ikakubali kukaa.

Kisha ikaja stabilaiza. Anayekaa mchangani tu huing'oa, apate magurudumu huru. Anayeingia na bagi barabarani anashauriwa airudishe, na sababu yake iko nyuma ya gari. Injini ya Beetle iko nyuma, na ekseli za nyuma za Beetle za miaka ile hubembea kutoka kwenye gia boksi. Ukikata kona kwa nguvu, sehemu ya nyuma inaweza kunyanyuka, gurudumu likajikunja kuelekea ndani, na mkia ukamtangulia dereva. Stabilaiza ya mbele huchukua sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama kwenye kona na kuipeleka kwenye tairi za mbele, tairi za nyuma zikapumua. Kitakachoanza kuteleza ni pua, na pua inayoteleza dereva wa kawaida anaiweza, kwa kuachia mafuta. Mkia ukiteleza wanaouweza ni wachache.

Bagi iko mbali na Rwamishenye, lakini Hiace iliyojaza abiria hadi siti ya mwisho, na mikungu nyuma ya keria, ni ndugu yake. Nayo pua imekuwa nyepesi, nayo uzito umekaa nyuma na juu. Kwa hiyo fundi akiniambia kwamba gari la njia ya Muleba lisiondolewe stabilaiza ya mbele, simsikii kama mtu anayefuata kitabu. Namsikia kama mtu aliyeuona mzigo wetu.

Mimi nilijifunza kwa hofu. Noah yangu ilikuwa inagonga mbele, ko, ko, ko, kila ilipopita kwenye kokoto. Fundi mmoja, si wa gereji hii, alifungua linki mbili za stabilaiza akanipa mkononi. Akasema vitu hivi kwa barabara zetu havina kazi. Kelele ikaisha. Nikaenda nayo Nshamba nikaisifu, maana kwenye moramu ilikuwa laini kuliko siku zote. Wiki iliyofuata nilitoka Muhutwe kurudi mjini na mikungu minane juu. Kwenye kona ya lami nikakutana na baiskeli iliyopakia ndizi pande zote mbili, mwenyewe akiisukuma. Nikamkwepa. Gari likalala kushoto. Nikarudisha usukani, lakini mwili wa gari ulikuwa bado unaendelea kulala. Uliporudi ulipitiliza ukalala kulia, na mama aliyekuwa nyuma akataja jina la Mungu kwa sauti ambayo bado naisikia. Hatukugonga kitu. Nilisimama pembeni hadi magoti yaliponirudia.

Kesho yake nilimpelekea yule mzee wa Rwamishenye zile linki kwenye mfuko. Alishika moja, akaichezesha kichwa kwa vidole viwili, kikalegea kama jino la mtoto. "Kilichokuwa kinagonga ni hiki," akasema. Kisha akagusa fimbo chini ya gari. "Kilichokuwa kinakulinda ni hii. Ulipaswa kununua kimoja. Wewe ukavitupa vyote." Aliweka linki mpya magurudumu yote mawili yakiwa chini, mahali pa usawa. Akanieleza kwamba ukifunga linki upande mmoja ukiwa juu ya jeki, fimbo inakuwa imenyongwa, na matundu ya boliti hayakutani mpaka ulazimishe. Sheria yake haikubadilika. Kila kitu kifungwe kikiwa mahali ambapo kitaishi.

Ndiyo maana hapendi haraka ya kunyanyua magari. Siku hizi vijana wengi huweka spesa juu ya miguu ya shokapu ili gari lipite juu ya mawe, na wenye Hiace hukaza boliti za toshenibaa hadi pua inaangalia mbinguni. Yeye hakatai, maana anajua njia ya kwenda vijijini ina mawe kweli. Anachouliza ni kiasi gani. Kila sentimita unayopanda juu, uzito nao unapanda, gari linazidi kulala kwenye kona. Wishiboni zinainama kupita pembe yake, bolijointi na jointi za ekseli zinafanya kazi zimejikunja, na gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka linapokuta shimo. Na anayekaza toshenibaa akidhani ameifanya ngumu amejidanganya, kwa sababu fimbo haikuongezeka unene. Amebadilisha tu kimo ambacho gari linasimama. Akikubali kunyanyua, hunyanyua kidogo, kisha hurudi kulegeza kila boliti ya bushi na kuikaza upya kwa kimo kipya. Kisha hufunga uzi wa nailoni kando ya tairi, apime kwa futi kama magurudumu yanatazama mbele sawasawa. Kazi ya saa moja inakuwa ya nusu siku.

Ninapomtazama nakumbuka kwamba ardhi hii haijaanza jana kukijua chuma. Katuruka, karibu na Maruku, na pale Kemondo ambapo Hiace hupita zikipiga honi, waakiolojia walifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya ufundi wa Wahaya, baada ya kuwaomba wazee wajenge tanuri upya kwa kumbukumbu, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi kwa sababu ya chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya. Wazee walikandika shimo la tanuri kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa unavumilia moto. Ndani wakaweka majani ya bwawani yaliyochomwa, na juu mkaa na mawe ya chuma, viriba vya ngozi vikipuliza. Kaboni ya yale majani iliingia ndani ya chuma, na tanuri iliweza kutoa chuma kigumu chenye kaboni.

Kaboni hiyo ndiyo inayotenganisha springi na waya. Chuma kisicho nayo ya kutosha ukikikunja kinabaki kimekunjika. Chenye nyingi mno kinavunjika. Cha springi kiko katikati, kimechomwa, kikazimwa ghafla, kikachomwa tena kwa moto wa chini, hadi kikajifunza kupinda na kurudi. Ndiyo maana mhunzi wa kijijini akipata kipande cha springi bapa ya Land Rover anafurahi, anajua atapata panga la kudumu. Na ndiyo maana fundi wangu hukasirika, jambo ambalo ni nadra, akiona mtu analenga moto wa gesi kwenye koili ili gari lishuke. "Umemsahaulisha," husema. Moto ule umekiondolea chuma yale kiliyofundishwa.

Turudi kwenye Hiace ya asubuhi. Bushi mpya zilipoingia, fundi alizipachika boliti zote kwa vidole na kuziacha zimelegea. Akarudisha magurudumu, akashusha jeki. Dereva akaruka kwenye kiti na kuwasha. "Zima," akasema fundi. Akawaita vijana wawili waisukume Hiace mbele hatua nne, kisha nyuma hatua nne, kwa sababu gari lililotoka kwenye jeki husimama kwa vidole vya miguu, na magurudumu hayawezi kurudi mahali pake mpaka yazunguke. Akamwomba dereva abaki kwenye kiti. Akawaita abiria waliokuwa wanangoja chini ya bati waingie, na kondakta apakie mikungu yake. Watu wakacheka kidogo, wakaingia. Gari likashuka taratibu, likakaa.

Ndipo akatandika boksi chini, akalala chali, akaingia na spana mkononi chini ya gari lenye watu. Nilisikia boliti zikikazwa moja baada ya nyingine, bila haraka, kila moja ikimalizia kwa mlio mfupi. Alipotoka alikwenda mbele, akaweka viganja vyote viwili juu ya bampa, akalisukuma gari chini kwa uzito wake wote, akaachia.

"Nenda salama, mwanangu," akasema, na kuanza kuokota vifaa vyake.

Hiace iliingia barabarani, ikapunguza mwendo kwenye tuta. Fundi alikuwa ameshaipa mgongo, ameinamia sanduku la spana, lakini mikono yake ilisimama. Mbele ya gari ikainama mara moja, ikainuka, ikatulia. Hapakuwa na mlio wowote. Akaendelea kupanga spana.